UZI: Umeitwa kamati ya nidhamu chuoni? Pitia hapa kabla hujaandika barua ya kuomba radhi

#1 Kinara wa Ndaki

Wakuu, salaam kwenu.

UE (mitihani ya mwisho wa muhula) zinakaribia, na kila zikipita barua za wito huanza kutoka. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya nidhamu upande wa wanafunzi katika chuo kimoja cha serikali. Nimeshamaliza, nipo kazini, lakini kuna jambo lilikuwa linaniumiza kila tukikaa kikao na nimeona nilishushe humu mapema.

Mwanafunzi anapokea barua: unatuhumiwa kukiuka kanuni za mitihani, kifungu fulani, fika mbele ya kamati tarehe fulani. Anashtuka. Anampigia mjomba, anampigia rafiki aliyemaliza mwaka jana, na wote wanamwambia kitu kimoja: andika barua ya kuomba radhi upesi, jishushe, watakuhurumia. Usiku huohuo anaandika, "Naomba radhi kwa yote yaliyotokea, sitarudia tena." Siku ya kikao mwenyekiti anaisoma ile barua kwa sauti, anavua miwani, anamuuliza: "Hutarudia nini?"

Hapo kijana anaanza kusema hakufanya. Lakini barua yake imeshaingia kwenye jalada, na ina sahihi yake.

Kwa malezi yetu kuomba radhi ni adabu. Mtoto anaomba radhi hata kwa jambo asilolijua, ili mkubwa apoe na maisha yaendelee. Mimi naiheshimu adabu hiyo. Ila kamati inasoma karatasi, na kwenye karatasi radhi ni kukiri. Nimeona watu ambao kwa maoni yangu hawakuwa na kosa wakisimamishwa mwaka mzima kwa sababu ya mistari mitatu ya unyenyekevu.

Kwa hiyo ukipokea wito, usijibu siku hiyohiyo. Nenda kachukue kanuni za mitihani na kanuni za nidhamu za wanafunzi, vile vitabu tulivyopewa mwaka wa kwanza tukavitupa chini ya kitanda. Vingi vipo kwenye tovuti ya chuo. Tafuta kifungu kilichotajwa kwenye barua, ukisome neno kwa neno. Kama barua haikutaja kifungu, andika kwa heshima uombe utajiwe. Omba pia nakala ya ushahidi: taarifa ya msimamizi wa chumba, karatasi iliyokamatwa, ripoti ya mashine ya kupima kufanana kwa maandishi. Ukishajua unatuhumiwa nini hasa, ndipo ujibu hicho tu.

Na kama kweli umefanya, kiri. Nalisema kwa moyo wote. Kamati niliyokaa iliwatazama kwa jicho jingine kabisa wale waliosema ukweli mapema. Lakini kiri ulichofanya, usiongeze. Aliyesahau simu mfukoni akajikuta nayo chumba cha mtihani amevunja kanuni, kwa vyuo vingi hilo peke yake ni kosa. Ila si sawa na aliyeifungua akasoma majibu. Ukiandika "naomba radhi kwa udanganyifu" wakati simu ilikuwa imezimwa mfukoni, umejihukumu kosa kubwa kuliko lako.

Karibuni kwa maswali. Wanasheria na walimu mliomo humu tusaidiane.

#2 BintiKilosa

Kaka Kinara, Mungu akubariki, umekuja wakati wangu. Nipo mwaka wa pili. Tulipewa kazi ya kundi, tuko wanane. Tuligawana sehemu, mimi nikachukua mapitio ya maandiko. Kuna mwenzetu mmoja sehemu yake alinyofoa mtandaoni kurasa nzima akabandika. Mwalimu ameipitisha kwenye mashine, kundi zima tumepewa sifuri na tumeitwa idarani wiki ijayo. Wenzangu wanataka tuandike barua moja ya kuomba radhi tusaini wote nane. Nikikataa wananiona msaliti. Aliyefanya naye amenyamaza kimya kwenye grupu. Nifanyeje?

#3 Pwani Kavu

Naweka kambi hapa.

#4 Kinara wa Ndaki

Dada BintiKilosa, pole sana. Kesi za kundi ndizo zilikuwa nyingi kuliko watu wanavyodhani, na ndizo zinazoharibu urafiki.

Barua ya pamoja usisaini. Hilo halikufanyi msaliti. Kila mmoja aandike maelezo yake: nilipewa sehemu hii, niliifanya tarehe hizi, niliituma kwenye grupu siku hii saa hii. Nenda kwenye grupu la WhatsApp, tafuta ujumbe ambapo mligawana kazi, piga picha ya skrini yenye tarehe. Kama mliandikia kwenye Google Docs, fungua historia ya marekebisho. Pale panaonekana nani aliingiza nini na dakika gani. Mtu aliyebandika kurasa nne kwa mkupuo anaonekana, na mtu aliyeandika kwa siku tatu akifuta na kurudia anaonekana vilevile. Chapa, ambatanisha.

Lakini nikuambie na upande usiopendeza. Mlisaini ukurasa wa mbele kwamba kazi ni yenu wote. Kamati itawauliza: kwa nini hamkuisoma kazi nzima kabla ya kuikabidhi? Hilo jibuni kwa ukweli. Kama hamkusoma, semeni hamkusoma. Ni uzembe, na uzembe adhabu yake ni ndogo kuliko wizi.

Kuhusu mwenzenu: msimshambulie kwenye grupu. Wawili kati yenu, wale anaowaamini, wamfuate chumbani kwake wakae naye ana kwa ana. Mpeni nafasi aandike mwenyewe kwamba ile sehemu ni yake. Nimeshuhudia mtu akilia akakubali baada ya kuongea na mwenzake nusu saa tu, wakati kwenye grupu alikuwa amegoma kujibu wiki nzima. Kuna kitu kilimfikisha pale: labda alikuwa anauguza, labda Kiingereza kinampiga chenga, labda bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu) halijatoka na anashinda njaa. Hivyo havifuti kosa lakini vinabadilisha jinsi mtakavyozungumza. Akigoma kabisa, mwambieni CR (kiongozi wa darasa), kisha mwalimu wa kozi, kwa mpangilio huo. Mkirukia kwa mkuu wa idara, mwalimu wa kozi ataona mmempita.

#5 Mkufunzi wa Jioni

Mimi ni mhadhiri msaidizi, niseme kuhusu hiyo mashine kwa sababu wanafunzi wanaiogopa bila kuijua, na baadhi yetu walimu tunaitumia bila kuijua pia.

Turnitin, ndiyo mashine yenyewe, haisemi umeiba. Inasema asilimia fulani ya maneno yako yanafanana na maneno yaliyomo kwenye hifadhi yake. Basi. Orodha ya marejeo inafanana, jina la chuo linafanana, tamko la mwanafunzi linafanana, dodoso ulilorithi kwa watafiti wengine linafanana. Nimewahi kusahihisha ripoti ya asilimia 28 iliyokuwa safi kabisa, na nimesoma ya asilimia 9 ambayo zile 9 zote zilikuwa aya moja nzima ya sura ya matokeo, yaani mtu amechukua matokeo ya mwenzake. Mwalimu anayetoa sifuri kwa kutazama namba bila kufungua ripoti hajatenda haki, na mwanafunzi ana ruhusa ya kuomba ripoti ifunguliwe mbele yake, mstari kwa mstari.

Sasa wengi wanaokamatwa wanasema, "Lakini mwalimu nilibadilisha maneno." Hapa ndipo penye shida. Tuseme chanzo chako kinasema hivi:

"Sangara waliingizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 walikuwa wameangamiza aina nyingi za furu, samaki wadogo waliokuwa chakula cha wenyeji kwa karne nyingi."

Mwanafunzi anaandika: "Sangara waliletwa Ziwa Viktoria kwenye miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 walikuwa wamemaliza aina nyingi za furu, samaki wadogo ambao walikuwa kitoweo cha wenyeji kwa miaka mingi."

Amebadilisha maneno machache, sentensi ni ileile, mifupa ni ya mwandishi. Hata akiweka jina la mwandishi mwishoni, bado amejivika maandishi yasiyo yake. Njia sahihi ni kusoma, kufunga kitabu, kujiuliza hili linanisaidia nini kwenye kazi yangu, kisha kuandika: "Furu walipungua sana ndani ya miongo mitatu tangu sangara kuingizwa ziwani," unataja mwandishi na mwaka, halafu unaongeza lako: "Hii inaeleza kwa nini wavuvi wazee wa kijiji nilichotembelea wanataja majina ya samaki ambao vijana hawawajui kwa sura." Sentensi hiyo ya pili haipo popote duniani ila kwako. Ndiyo inayokupa shahada.

Na wale wa Idara za Kiswahili: kuchukua makala ya Kiingereza ukaitafsiri bila kumtaja mwenyewe ni wizi uleule, hata mashine isipoona.

#6 Nyakahoja

Mwalimu shikamoo. Mimi nimeambiwa ripoti yangu ya field (mafunzo kwa vitendo) imeandikwa na akili mnemba asilimia 74. Nimeiandika mwenyewe, kwa mkono kwanza, kwenye daftari, kwa sababu laptopu ilikuwa ya kuazima. Nimekata tamaa kabisa. Nithibitisheje kitu ambacho sikukifanya?

#7 Mkufunzi wa Jioni

Marahaba Nyakahoja. Usikate tamaa, na daftari hilo usilipoteze. Lifunge kwenye mfuko wa nailoni kama cheti cha kuzaliwa.

Asilimia hiyo si sawa na ile ya kufanana. Ile ya kufanana inakuonyesha chanzo, unaweza kukifungua na kulinganisha. Hii ya akili mnemba ni makisio, haina chanzo cha kukuonyesha. ChatGPT ilitoka Novemba 2022, Turnitin wakaongeza kipimo chao Aprili 2023. OpenAI, ambao ndio waliounda ChatGPT yenyewe, walikuwa na chombo chao cha kutambua maandishi ya mashine, wakakiondoa Julai 2023 kwa sababu kilikuwa hakipatii vya kutosha. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua vyombo 7 vya aina hiyo wakavipa insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wageni, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani vyombo hivyo vilisema zaidi ya nusu ya insha hizo zimeandikwa na mashine. Ni insha za watu! Sababu yake inaeleweka: mtu aliyejifunza Kiingereza darasani anatumia maneno machache ya kawaida na sentensi zilizonyooka, na vyombo hivyo vinachukulia unyoofu huo kuwa dalili ya mashine. Vyombo vinabadilika, lakini tatizo hilo linatugusa sisi moja kwa moja.

Cha kufanya: peleka daftari, peleka barua ya kituo ulichofanyia field na kitabu cha kumbukumbu za kila siku kilichosainiwa na msimamizi wako wa kule. Kisha omba wewe mwenyewe uhojiwe kwa mdomo juu ya ripoti yako. Aliyeiandika anajua kwa nini jedwali la tatu lina mapengo. Mwalimu mwenye akili timamu ndani ya dakika kumi atajua.

#8 Mto Sosiani

Nawasalimu kutoka Eldoret. Nisome tu nipite? Hapana, hili linanihusu.

Huku kwetu Kenya kuna vijana wengi sana, waliomaliza na wasiomaliza, wanaoishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia kazi zao za chuo. Ni ajira inayojulikana hadi bei ya ukurasa. Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, amewafuatilia kwa miaka na ameeleza vyema kwamba watu hao ni werevu mno, wanapata alama za juu kwenye kozi ambazo hawajawahi kukanyaga darasa lake, na jina linalobaki kwenye shahada ni la mtu mwingine.

Sitamhukumu kijana anayelipa kodi ya nyumba kwa njia hiyo wakati hakuna kazi. Lakini nawaambia walio bado chuoni mambo mawili. Kwanza, Australia ilipitisha sheria dhidi ya biashara hii mwaka 2020, na Uingereza ikafuata mwaka 2022 kwa upande wa England, kwa hivyo si jambo la kuchekewa tena huko. Pili, na hili ndilo linaloniuma, mtindo umerudi nyumbani. Sasa mwanafunzi wa hapa hapa analipa mwenzake wa chumba cha jirani. Yule anayeandika anasema ni hustle tu. Lakini kanuni za vyuo vingi zinawaadhibu wote, aliyeuza na aliyenunua. Mwakenya ulikuwa karatasi unayoficha kwenye soksi. Huu wa siku hizi unalipiwa kwa M-Pesa na risiti inabaki kwenye simu ya kila mmoja.

#9 Kinara wa Ndaki

Mto Sosiani, asante. Kwetu ni steshenari za nje ya geti. Unaingia kutoa kopi, unaona kwenye kompyuta yao folda za mapendekezo ya utafiti za miaka yote. Unabadilishiwa jina la wilaya, unalipa, unaondoka. Nimeshika kwa mikono yangu ripoti inayosema utafiti umefanyika Kahama, halafu sura ya nne wahojiwa wote ni wakazi wa Korogwe.

#10 Mwanaharakati wa Kitanda cha Juu

Haya yote ni maneno mazuri ya watu waliokwisha kumaliza. Ukweli ni kwamba kamati ni walimu wanaowalinda walimu wenzao. Mwanafunzi atafungua kanuni, atanukuu vifungu, mwisho wa siku atadisko tu, yaani atafukuzwa masomo. Haki chuoni inapatikana kwa mgomo. Tuwe wakweli.

#11 Mzee wa Sinza

Kijana wangu, hasira yako naielewa. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha karibu 400 wakarudishwa makwao siku ileile. Mwaka 1971 ilikuwa zamu ya Akivaga, rais wa wanafunzi, Mkenya, aliyeondolewa chuoni kwa nguvu na wenzake wakagoma. Mwaka 1990 chuo kikafungwa kabisa. Sisemi madai yalikuwa ya kipuuzi, mengine yalikuwa ya msingi na mengine historia imeyatetea. Nasema mgomo ni wa jambo la wote. Mtu mmoja aliyekutwa na karatasi kwenye mkono wa shati hawezi kuitisha mgomo. Yeye ana barua, ana tarehe, ana kanuni. Ajitetee kwa hizo.

#12 Kinara wa Ndaki

Mzee wangu shikamoo, umemaliza. Ndugu Mwanaharakati, kuna walimu wanaolindana, silifichi. Ndiyo maana nasisitiza maandishi. Kamati inaweza kupuuza machozi yako. Hoja iliyoandikwa, ikapokelewa, ikagongwa muhuri wa masjala, ni vigumu kuipuuza kwa sababu ngazi ya juu itaiona. Daima peleka nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri na tarehe.

#13 (jina limefichwa kwa ombi la mchangiaji)

Naomba msinihukumu. Kuna mwalimu ananiambia matokeo yangu ya CA (alama za majaribio na kazi za muhula) yako mikononi mwake, na kwamba nikiwa "mwelewa" nitapita. Ananiita ofisini jioni. Sijaenda. Nimeogopa kumwambia mtu kwa sababu watasema nimejipeleka mwenyewe.

#14 Wakili wa Mtaa

Mdogo wangu, hakuna wa kukuhukumu hapa. Ulichokieleza kina jina kisheria: rushwa ya ngono. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007 kinamlenga mtu mwenye mamlaka anayetumia nafasi yake kudai ngono ili atoe haki au upendeleo. Mwenye mamlaka hapa ni yeye, kwa hiyo mzigo wa kosa ni wake.

Usifute ujumbe hata mmoja, hata ule unaokutia kichefuchefu. Piga picha za skrini na zitume kwa mtu unayemwamini au kwenye barua pepe yako, simu inaweza kupotea. Andika kwenye daftari kila tukio: siku, saa, mahali, maneno yake kama alivyoyasema. Usiende ofisini peke yako. Akikuita, jibu kwa ujumbe mfupi, "Mwalimu nitakuja saa nne asubuhi na mwenzangu kuhusu CA." Jibu lake tu ni ushahidi.

TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, wanapokea taarifa kwa namba 113, bure. Vyuo vingi sasa vina dawati la jinsia, na ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ipo. Ukiona ofisi moja imejaa marafiki zake, nenda nyingine. TAKUKURU wenyewe walishafanya utafiti wa tatizo hili kwenye vyuo vikuu, hawatakushangaa. Na karatasi zako za CA zilizorudishwa tunza zote. Siku alama zikibadilika ghafla utaomba zisahihishwe upya na mtu mwingine.

#15 BintiKilosa

Dada, nipo nawe. Kama upo chuo chenye herufi ninazozifikiria, nitumie ujumbe wa ndani, nitakusindikiza.

#16 Daktari Mwanafunzi

Niongeze jambo ambalo watu hawaliiti udanganyifu lakini ni udanganyifu mkubwa kuliko wote: kupika data. Tunaujua mchezo. Umepewa madodoso 120, umekwenda kijijini, jua kali, nauli imeisha, umepata wahojiwa 45. Mnakaa chini ya mwembe wawili, mmoja anasoma swali mwingine anaweka tiki, jioni madodoso yote yamejaa.

Nilimwona mwenzetu akifanya hivyo kwa utafiti wa shinikizo la damu. Vipimo vyote aliandika namba zinazoishia na sifuri au tano, 120 kwa 80, 130 kwa 85, 125 kwa 80. Msimamizi alipozipanga kwenye kompyuta alicheka kidogo, kisha akanyamaza. Mashine ya kupimia haichagui namba nzuri. Damu ya watu inatoa 117, 133, 142.

Uholanzi kulikuwa na profesa wa saikolojia, Diederik Stapel, aliyefanya hivyohivyo kwa miaka, anadai amekusanya data mashuleni kumbe ameijaza mwenyewe. Aliumbuka mwaka 2011, makala zake 58 zikafutwa. Waliomripoti walikuwa watafiti vijana watatu wa chini yake. Fikirieni ujasiri huo.

Wahojiwa 45 wa kweli wanatosha kuandikia ripoti. Unasema wazi: nilipanga 120, nikapata 45, kwa sababu hizi. Hakuna mwalimu wa maana atakayekufelisha kwa hilo. Kwetu sisi wa tiba kuna na kitabu cha mazoezi ya wodini, kile ambacho kila kipengele kinasainiwa. Mtu anasainiwa amefunga mishono kumbe hajawahi kushika sindano. Mwaka unaofuata analetewa mama aliyechanika usiku, na yupo peke yake zamu.

#17 Pwani Kavu

Hiyo ya mwisho imeniingia.

#18 Kibanda cha Chipsi

Samahanini naingilia. Mimi tatizo si mtihani, ni mtu ninayekaa naye hosteli. Analeta wageni hadi usiku wa manane, nimemwambia mara nyingi, juzi nusura tupigane. Na hilo linafika kamati?

#19 Kinara wa Ndaki

Linafika, na mkipigana mtafika wote wawili, hata uliyechokozwa. Kamati haianzi na nani alianza, inaanza na nani alipiga. Zungumza naye mchana, akiwa peke yake, si mbele ya wageni wake. Mkubaliane saa ya mwisho ya wageni na mtumiane kwa ujumbe ili isisahaulike. Ikishindikana nenda kwa mlezi wa bweni uombe kuhamishwa chumba. Kuhamishwa si kushindwa, una mitihani.

#20 Msomaji Kimya

Wakuu, mdogo wangu alifukuzwa chuo mwezi uliopita kwa tuhuma za kuingia na karatasi kwenye mtihani. Barua ya kufukuzwa ilitoka lakini hajawahi kuitwa kujieleza hata siku moja. Amekaa nyumbani hatoki chumbani. Bado kuna njia au ndiyo imekwisha?

#21 Wakili wa Mtaa

Ipo, lakini siku zinahesabika, kwa hiyo leo hii mwamshe.

Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na haki ya kukata rufaa pale haki zake zinapoamuliwa na chombo chochote kinachohusika. Kamati ya chuo ni chombo. Wenzetu wa Kenya wana Ibara ya 47 ya Katiba yao ya 2010 na sheria yake ya mwaka 2015, Uganda ni Ibara ya 42. Kama kweli hakuitwa, hoja hiyo ni nzito kuliko hata swali la kama alikuwa na karatasi au hakuwa nayo. Lakini hakikisha kwanza: barua za wito siku hizi hutumwa kwenye akaunti ya mwanafunzi au barua pepe ya chuo. Afungue aangalie, hata kwenye folda ya makapi (spam). Kama wito ulitumwa na hakuusoma, usiandike kwamba hakuitwa, andika kwamba wito haukumfikia na ueleze kwa nini.

Fungua kanuni za chuo, tafuta sehemu ya rufaa. Utakuta muda umetajwa, na kwa kawaida ni mfupi. Kama umepita, aandike rufaa pamoja na ombi la kuongezewa muda na sababu za kuchelewa. Rufaa iwe ukurasa mmoja au miwili: nini kiliamuliwa, tarehe gani, kanuni ipi haikufuatwa, anaomba nini. Asiweke kilio cha familia kwenye aya ya kwanza. Aambatanishe barua ya kufukuzwa na kitambulisho. Apeleke mwenyewe masjala, nakala yake igongwe muhuri.

Mahakama ni baadaye. Kwa Tanzania maombi ya Mahakama Kuu kupitia uamuzi wa aina hii yana kikomo cha miezi 6 tangu uamuzi utolewe, na mahakama itauliza kwanza kama mmemaliza ngazi za ndani ya chuo. Kwa hiyo rufaa ya ndani ikichelewa kujibiwa, kumbushieni kwa maandishi kila baada ya wiki mbili na mtunze nakala, huku mkitazama kalenda.

Na kama ana mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo), aandikie Bodi pia aeleze kwamba amekata rufaa, kwa sababu chuo kikishatoa taarifa kwamba si mwanafunzi tena malipo yanasimama. Nitumie ile barua ya kufukuzwa kwa ujumbe wa ndani, futa jina na namba ya usajili kwanza. Nitaisoma usiku huu.

#22 Msomaji Kimya

Nimeituma mkuu. Nimemwambia avae, kesho asubuhi tunapanda basi kwenda chuoni.